Fundi tumlipe kwa kupima, sio kwa kufunga spea tu

Najua kuna mafundi watanuna na kuna wenye magari watanuna zaidi, ila hizi spea tunazonunua hovyo hapa Arusha tumezitaka wenyewe, kwa sababu hatutaki kulipia kupima. Unafika zako gereji mtaa wa Unga Limited, taa ya cheki injini inawaka, fundi anachomeka kimashine chini ya stelingi, dakika mbili tu anakwambia "bosi, oksijeni sensa hiyo imekufa", yaani ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi. Ukimuuliza ya kupima shingapi anaona hata aibu kutaja, unampa ya soda unaondoka. Sasa huyo mtu ale nini? Atakula kwenye sensa. Dukani kuna cha juu chake, kuna hela ya kufunga, na isipopona kuna sensa nyingine, afu koili inayopeleka umeme kwenye plagi, afu plagi yenyewe, mpaka siku gari ipone yenyewe au we uchoke uiuze.

Tuelewane kwanza kuhusu hicho kimashine. Hakisemi kitu gani kimekufa, kinatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, na kodi inasema kompyuta ya gari imeona nini, basi. Chukua P0171, hii wengi mmekutana nayo. Maana yake hewa imezidi kipimo ukilinganisha na mafuta yanayoingia kwenye injini. Hewa imetoka wapi au mafuta yamepungua kwanini, kodi haijui. Inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa imejaa vumbi (na kwa vumbi la mitaa yetu kiangazi sishangai), pampu ya mafuta imechoka, filta imeziba, au hata ekzosi inavuja kabla ya kufika kwenye oksijeni sensa. Na mara nyingi hiyo oksijeni sensa ndo ilopeleka taarifa, sisi tunaing'oa kwa kosa la kusema ukweli!

Fundi anayejua kazi hapo hanunui kitu, anafungua data wakati injini inaunguruma anaangalia fyueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au inapunguza ili mambo yakae sawa. Kama gari ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, kompyuta inaongeza mafuta mengi, afu ukikanyaga resi namba inashuka inakaa vizuri, hapo tafuta hewa inayoingia kwa kuibia. Ikiwa sailensi iko poa ila ukiipa mzigo, tuseme unapandisha ule mlima baada ya Mto wa Mbu, namba inazidi kupanda, basi angalia pampu na filta kwanza. Hapo hamjatoa hata mia ya spea na tayari mnajua muelekee wapi.

Kuna kipimo kingine hakihitaji hata mashine ya maana. Gari inamisi, kodi ni P0301, yaani silinda namba moja haichomi. Chomoa koili ya namba moja uiweke namba tatu, ya tatu ije moja, futa kodi, zunguka mpaka Sakina urudi. Ikija P0303 koili ndo mbovu kweli, ikibaki P0301 koili ni nzima, nenda kwenye plagi, nozeli inayopuliza mafuta, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Bure kabisa. Lakini nenda uone watu wanavyouziwa koili zote nne kwa mpigo.

Ndo maana mi bado nawaheshimu wazee wanaotengeneza Land Cruiser za watalii zile za injini ya dizeli ya 1HZ. Injini ile haina kompyuta ya kukunong'oneza, kwahiyo mzee anasikiliza, anaangalia moshi, mweusi anajua mafuta yamezidi au hewa imebanwa, wa bluu anajua oili inaungua, anashika, ananusa, ndo aombe spana. Vijana wengine wana kimashine cha bluetooth na simu lakini subira hiyo hawana.

Haya, umeshajua kibovu ni nini, sasa kwenye kununua. Usiende dukani ukasema "nipe koili ya Premio". Premio ipi mzee? Bodi moja ile ya 240 ina NZT240 yenye injini ya 1NZ, ZZT240 yenye 1ZZ, na AZT240 yenye 1AZ ya D4, ile inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Namba ya spea ya koili ya 1NZ ni 90919-02240, ya 1ZZ ni 90919-02239, tofauti ndogo hivyo na muuzaji akiwa na haraka anakupa iliyopo. Noah hivyohivyo, SR40 yenye 3S na AZR60 yenye 1AZ ni magari mawili tofauti kwenye spea za injini, jina lisikudanganye. Namba ya chesisi ipo kwenye kadi ya gari na kwenye kibati ndani ya boneti, ipige picha ikae kwenye simu. Na msihangaike na zile tovuti zinazodai namba ya tarakimu na herufi 17, gari zetu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hazina hiyo, tafuta katalogi inayokubali namba fupi.

Orijino, feki au used, huo mjadala nawaachia, mi kwa sensa naona bora used ya kweli kuliko mpya ya boksi zuri.

Ila kimoja lazima niseme, hii tabia ya kung'oa thamostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto, gari ikichemsha. Jamani! Thamostati nyingi za Toyota zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado asubuhi inamwaga mafuta, na asubuhi za Arusha mwezi wa saba mnazijua. Afu mtu anarudi gereji analalamika gari inakunywa, anauziwa oksijeni sensa.

Kwahiyo ukienda gereji patana bei mbili, ya kupima peke yake na ya kutengeneza peke yake, na ya kupima ulipe hata kama hutengenezi pale. Mwombe akuoneshe namba alizoziona. Na kama spea inatoka Dar kwa basi, muuzaji akutumie kwanza picha ya namba iliyo kwenye spea yenyewe, sio ya boksi, ndo umtumie hela.