Vitamini D na PCOS: daktari anayesita anaonewa

Siku hizi dada akishaambiwa ana PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga ovari na hedhi, ushauri wa kwanza anaopewa na wenzake ni akapime vitamini D, hata kabla mtu hajamuuliza sukari yake ikoje. Na daktari akimwambia tusianze na hiyo, tuanze na sukari na uzito, basi daktari huyo anaonekana kapitwa na wakati au hamjali mgonjwa. Mi naona anaonewa, ingawa wanaoitetea vitamini D nao hawajazua jambo.

Tuanze na hao watetezi. Wenye PCOS wengi mwili unakuwa unaikaidi insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kongosho linaongeza insulini ili kufidia, na insulini ikishazidi inazisukuma ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi, ndo unaona ndevu kidevuni, chunusi zisizoisha, hedhi inaruka miezi. Sasa vitamini D inafanya kazi mpaka kwenye chembe za kongosho zinazotoa insulini, na kwenye ovari pia, kwa hiyo kuishuku ni sawa kabisa. Na lile jibu la "sisi tuna jua bwana, utakosaje vitamini D" halina nguvu. Watafiti wakiongozwa na mtu wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya kule Kilifi, Kenya, walikusanya tafiti za nchi 23 za Afrika, wakatoa matokeo 2020, na kama asilimia 34 ya watu walikuwa chini ya nanomoli 50 kwa lita, kiwango ambacho wengi wanakihesabu ni upungufu. Linganisha na Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, utafiti wa 2012 uliwakuta na wastani wa nanomoli 115. Wao wako nje mchana kutwa, ila dada anayetoka nyumbani alfajiri, anakaa ofisini mpaka jioni, na akitoka kajistiri vizuri, jua analiona tu dirishani.

Kwa hiyo upungufu upo, hapo sibishani na mtu. Shida yangu ni ile takwimu inayorudiwa kila mahali, kwamba asilimia 67 mpaka 85 ya wanawake wenye PCOS wana upungufu wa vitamini D. Mtu akiisoma anahitimisha palepale kwamba upungufu ndo unaleta PCOS na ukiujaza PCOS inaondoka. Lakini jiulize, wanawake wangapi wasio na PCOS, wa mji uleule na uzito uleule, nao wana upungufu? Bila hao wa kulinganisha nao, 67 au 85 inakwambia nini? Sehemu nyingi duniani ukipima tu watu wazima wa mjini unakuta upungufu umejaa.

Halafu kuna suala la uzito. Vitamini D inakaa kwenye mafuta. Mwaka 2000 watafiti wa Boston waliwapiga mionzi ileile watu wanene na wembamba, ngozi zao zilikuwa na uwezo uleule wa kuitengeneza, ila kwenye damu ya wanene vitamini D iliongezeka kwa asilimia 57 pungufu ya wenzao. Imetengenezwa, ila inashikiliwa kwenye mafuta. Sasa wenye PCOS wengi wanapambana na uzito, na huo uzito wenyewe ndo unazidisha usugu wa insulini. Yaani mtu anashika karatasi ya maabara, vitamini D imeandikwa 14 na pembeni kuna herufi L, yaani iko chini, anaona ameshampata adui, kumbe ile 14 inaweza kuwa matokeo ya tatizo lilelile analolitafutia chanzo. Hili ndo daktari anajaribu kulisema ndani ya dakika kumi alizonazo, na likitoka vibaya linasikika kama dharau.

Tafiti za kuwapa vidonge wenye PCOS zipo nyingi, ila nyingi ni ndogo, za wiki chache, na nyingine zimechanganya vitamini D na kalsiamu au metfomini, dawa ya kisukari, humohumo. Ukizijumlisha, kuna zinazoonyesha insulini inashuka kidogo na kuna zisizoonyesha kitu. Utafiti mkubwa tulionao kuhusu sukari ni D2d wa Marekani, ulitoka 2019, watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, nusu yao walipewa vitamini D yuniti 4,000 kila siku, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya kama miaka miwili na nusu waliopata kisukari ni 293 upande wa vitamini D na 323 upande wa pili, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema dawa imefanya kazi. Watetezi watasema wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na hawakuwa mabinti wenye PCOS, umri wao wa wastani ulikuwa kama 60. Ni kweli, na hata Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, kwenye mwongozo wa 2024 wamependekeza vitamini D kwa wenye sukari ya ukingoni. Ila hiyo ni nyongeza juu ya chakula na mazoezi, haijaja kuchukua nafasi yake.

Kinachoniuma ni kile kinachorukwa. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unataka sukari ipimwe mwanamke akishagundulika tu, kisha kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu, hata kama ni mwembamba, na kipimo bora ni kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kutolewa damu tena baada ya saa mbili. Wangapi wameshakinywa? Wapo dada wamemaliza hela kwenye kipimo cha vitamini D na makopo ya virutubisho na hawajawahi kupimwa hivyo, na hedhi haijaja miezi mitano, ukuta wa kizazi unazidi kunenepa, na hilo likiachwa miaka linaongeza hatari ya saratani.

Apime sukari kwanza, hedhi ishughulikiwe, halafu vitamini D ikikutwa chini aitumie, hakuna daktari makini atakayemkataza. Ila asipitishe yuniti 4,000 kwa siku bila kusimamiwa, maana ikizidi mno kalsiamu inapanda kwenye damu na zinazoumia ni figo.