Mistari ya Mwamba wa Mirihi Haitoshi Kusema "Maji"

Kila picha mpya ya Mirihi ikiingia kwenye magrupu ya huku Lindi, hukumu hutoka papo hapo: mwamba una mistari, basi palikuwa na ziwa. Inakera. Upepo nao hupanga matabaka, majivu ya volkano vilevile. Hata magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipoa polepole, madini mazito huzama na kujipanga chini.

Mfano upo. Pale Séítah, kwenye sakafu ya Jezero, kreta (shimo kubwa la mgongano) ya Mirihi, mawe yalikuwa na matabaka membamba ambayo ungeapa ni mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotuama. Mwaka 2021 Perseverance, gari la utafiti la NASA, ikakwangua kiduara cha kama sentimita 5, ndani zikakutwa punje zilizoshikana za olivini, madini mazito yanayotokana na magma. Ni magma iliyopoa.

Kosa kubwa zaidi ni la mwinamo wa matabaka, na hapa ndipo naomba watu watulie. Tazama paa la makuti: ukisimama mbele ya nyumba, safu zimelala sawasawa, nenda ubavuni ndipo uone zinavyoteremka. Mwamba uko hivyohivyo. Tabaka linaloinama kuelekea kwenye kamera huonekana limelala, kwa hiyo uso mmoja wa jabali hautoshi. Mastcam-Z, kamera ya Perseverance, ina macho mawili yaliyoachana kama sentimita 24, yanayofaa kupimia vitu vya karibu. Kwa kilima cha mbali, gari lisogee lipige tena, maana pengo hilo ni dogo mno.

Nakubali, Kodiak, kilima kilichomo Jezero, ilisomwa kwa mbali, kilomita 2 na ushee. Lakini haikusomwa kwa mistari mitupu: matabaka ya chini yamelala, ya kati yameinama kwa ukali, ya juu yamelala tena. Mpangilio huo ni wa delta, mto ukimwaga mchanga ziwani.

Halafu kuna ukubwa wa chembe zilizounda mwamba. Chini ya milimita 0.06 hivi ni tope; juu ya hapo ni mchanga, ambao hata upepo huusogeza. MAHLI, kamera ya karibu ya Curiosity, gari jingine la NASA, lazima ishushwe hadi sentimita 2 na kitu juu ya jiwe ili pikseli moja (nukta ya picha) iwe mikroni 14, yaani milimita 0.014. Picha ya kilima kizima haikuonyeshi chembe hata uikuze vipi.

Tendaguru, palipochimbwa mifupa ya dinosaria hapa hapa mkoani kwetu, tabaka la bahari linajulikana kwa makombe yaliyomo, si kwa mistari. Mirihi hatuna makombe, ndiyo maana vipimo vinahitajika zaidi.

Picha za Mirihi hutolewa na jina la kamera na namba ya sol, yaani siku ya Mirihi. Msivikate mnapotuma.