Mikono Miwili ya Kushoto: Roboti Ghali na Swali la Ubora

Rafuni kwangu imesimama roboti ya kuchezea, ya zile zinazogeuka kuwa gari, yenye mikono miwili ya kushoto. Mbunifu hakuitaka hivyo. Mtu fulani kiwandani, pengine katika saa za mwisho za zamu, alitia mkono kwenye kisanduku kisicho chenyewe, akachomoa kiganja, akakibana mahali pake, na roboti ikaendelea na safari yake. Kidole gumba cha mkono wa kulia kinatazama nje, kama mtu anayeomba lifti barabarani. Ukiigeuza kuwa lori hakuna atakayejua, maana viganja hujificha. Ukiirudisha kuwa roboti, macho hayaoni kingine.

Wakusanyaji wa roboti zinazogeuka, ziwe za Transformers au za jamaa zake, hawakutani bila kulalamika, na malalamiko yao ni yale yale. Viungo vimelegea tangu sandukuni. Plastiki nyeupe imegeuka manjano kabla roboti haijakaa miaka mitatu. Mapaja na mikono imechimbwa kwa nyuma kama ganda tupu ili kubana malighafi. Bawaba imepasuka mara ya kwanza kugeuzwa, tena kwa kufuata maelekezo. Kambi hii inasema ubora umeshuka na bei imepanda, basi tunaibiwa.

Kambi ya pili inajibu kwamba tunazungumzia midoli. Sandukuni pameandikwa miaka 8 na kuendelea, hapakuandikwa saa ya mkononi. Mtoto hashiki taa kumulika rangi iliyovuka mpaka kwa nusu milimita. Isitoshe, anayepata roboti nzima hucheza nayo akanyamaza. Anayepata mbovu ndiye anayepiga picha. Kelele si kipimo cha idadi.

Nimewahi kukaa kambi zote mbili, kutegemea nimefungua sanduku gani wiki hiyo. Siku hizi naona zote zinakosea pale zinapolitaja neno ubora kana kwamba ni kitu kimoja. Mkono uliobanwa upande usio wake ni kosa la mwanadamu mmoja siku moja. Bawaba iliyochorwa nyembamba mno kwa mzigo inaobeba ni kosa la ofisi ya usanifu, na litakuwamo katika kila nakala duniani. Plastiki inayosagika baada ya miaka kumi ni uamuzi wa ununuzi wa malighafi. Makosa haya matatu hayalingani uzito, wala hayastahili msamaha mmoja.

Nianze na lile la kwanza, ambalo mimi nalisamehe upesi kuliko wenzangu. Roboti inayogeuka ni mashine. Mdoli wa kawaida una shingo, mabega na nyonga. Hii ina bawaba ndani ya bawaba, paneli zinazokunjika, vigingi vinavyoingia kwenye vitundu ili lori lisiachane. Kwa mfano tu, tuseme kila kiungo kina nafasi 1 kati ya 500 ya kutoka na kasoro. Roboti yenye viungo 8 itakuwa na tatizo mara moja au mbili katika kila roboti 100. Ipe viungo 40 kwa umakini ule ule wa kiwanda, na karibu 8 katika 100 zitakuwa na kiungo kibovu mahali fulani. Kiwanda hakijazembea hata kidogo, ila sisi wenyewe tulidai magoti, viwiko, viuno vinavyozunguka na vifundo vya miguu vinavyoinama.

Ndiyo maana simwamini sana anayesema za zamani zilikuwa imara. Hasbro, kampuni ya midoli ya Marekani, ilipoziuza Transformers za kwanza mwaka 1984, ilizichukua kutoka kwa kampuni ya Takara ya Japani, kwenye familia zake za midoli za Diaclone na Microman. Nyingi zilikuwa na vipande vya chuma cha kumimina na magurudumu ya mpira, na ukizishika unahisi kweli umeshika kitu. Lakini zilisimama kama nguzo. Kisichopinda hakilegei. Na hata hivyo rangi inayong'aa kama kioo ilichubuka, stika zilibanduka, na ngumi na makombora yalipotea chini ya makochi ya ulimwengu mzima. Tunazoziona leo zikiwa nzima ni zile zilizosalimika. Zilizovunjika zilitupwa zamani na hakuna anayezipiga picha.

Kwenye usanifu huruma yangu inaanza kupungua, ingawa ugumu upo. Vipande hutoka kwenye kalibu la chuma linalosindiliwa plastiki ya moto, na plastiki hunywea ikipoa. ABS, ile ngumu inayopokea rangi vizuri, hunywea takriban nusu ya asilimia 1. POM, ile telezi inayotumika kwenye viungo kwa sababu haisagiki upesi, hunywea takriban asilimia 2. Kigingi cha moja kikiingia kwenye tundu la nyingine, mchoraji lazima awe ameshapiga hesabu ya tofauti hiyo kabla kalibu halijachongwa. Kiungo cha gololi, yaani gololi inayozunguka ndani ya kikombe, kinashika kwa msuguano tu: sehemu ya kumi ya milimita ikipungua, mkono unaning'inia, ikizidi, kikombe kinapasuka. Kisha kalibu lenyewe huchakaa, na biashara hii inaishi kwa kulitumia tena na tena. Starscream, Thundercracker na Skywarp wa mwaka 1984 ni ndege moja iliyobadilishwa rangi, na desturi hiyo haijafa. Anayenunua toleo la nne la kalibu lile lile asishangae akikuta kiuno kimelegea kuliko cha toleo la kwanza.

Sheria za usalama nazo zina mchango wake. Mdoli wa mtoto hauruhusiwi kuwa na ncha inayochoma, kwa hiyo pembe za kichwani na ncha za mabawa mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki laini, na plastiki laini hufika imepinda. Hilo nalielewa. Nisichokielewa ni utetezi huo unapohamishiwa kwenye bidhaa za watu wazima. Familia ya Masterpiece ya Takara ilianza mwaka 2003, ikaja na Optimus Prime, kiongozi wa roboti hizi, mpya mwaka 2011 na mwingine mwaka 2019, na kila mara bei ilitangaza waziwazi kwamba mtoto hahusiki. Ukimwuzia mtu mzima kwa bei ya mtu mzima, huwezi kumwambia baadaye kwamba kile kilikuwa kitu cha kuchezea tu.

Kwenye malighafi ndiko hasira yangu inakofikia kilele. Wakusanyaji wana jina la ugonjwa wa plastiki ya dhahabu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, roboti kadhaa zilitengenezwa kwa plastiki iliyochanganywa na chembe zinazong'aa, ikatoka na mawimbi mazuri ya dhahabu. Mchanganyiko ule haukushikana vizuri. Miaka ilipopita, sehemu hizo zikawa kama biskuti: unagusa kiungo, kinamegeka, na kwenye mmego unaona unga. Black Zarak, roboti kubwa iliyouzwa Japani mwaka 1988, ndiyo mfano unaotajwa kila mara. Jambo la kusikitisha ni kwamba utunzaji hausaidii. Hata ile iliyofungwa sandukuni, isiyowahi kuguswa, inaoza pale pale ilipo. Mtu anaweza kuilipia pesa nyingi leo na asithubutu kuigeuza hata mara moja, na roboti isiyoweza kugeuzwa ni sanamu tu.

Mtetezi atasema wahandisi wa 1988 hawakujua, na naafiki. Plastiki kuwa manjano, lakini, si siri ya jana. Sehemu ya mpira iliyomo ndani ya ABS huharibiwa na oksijeni na mwanga wa jua. Kemikali za kuchanganya ili kuzuia hali hiyo zipo na zina gharama yake. Wakusanyaji wamejifunza kuifanya nyeupe tena kwa hidrojeni peroksaidi na mwanga mkali, nami nimejaribu. Inafanya kazi, kisha manjano hurudi taratibu. Inapotokea kiwiliwili kimoja kina vipande viwili vyeupe vilivyonunuliwa siku moja, kimoja kikabaki cheupe na kingine kikageuka kama jino la mvutaji sigara, naona ni vigumu kuamini kwamba tatizo ni kabati langu.

Upande wa kampuni una hoja nzito kwenye fedha. Kule Marekani, roboti ya daraja la Deluxe, ile ya kimo cha kiganja na kidogo, iliuzwa takriban dola 10 mwaka 2007. Miaka ya karibuni inauzwa takriban dola 25. Mfumuko wa bei peke yake ungeifikisha kama dola 15. Hizo nyingine zimekwenda wapi? Mishahara ya viwandani China imepanda sana tangu wakati huo, na sehemu ya uzalishaji imehamia Vietnam. Halafu kuna jambo tunalopenda kulisahau: tukiwa watu wazima wachache tunaodai mhusika wa pembeni aliyeonekana kwenye katuni kwa dakika mbili, gharama ya kalibu inagawanywa kwa nakala chache. Uchache huo una bei. Mimi nakubali kuulipa. Ila ukishalipwa mara mbili na nusu, paja lililochimbwa kwa nyuma linaonekana kama dharau, hata kama mhasibu ana jibu.

Suala la masanduku liliongeza chumvi. Mwaka 2019 Hasbro ilitangaza kwamba itaondoa plastiki kwenye vifungashio vyake, na masanduku yakaja bila dirisha, au na uwazi mtupu. Nia ilikuwa njema na sitaibeza. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi alinyimwa ukaguzi wa mwisho uliokuwa umebaki kabla ya kulipa, au, pale palipokuwa na uwazi, bunduki na panga vikawa vya yeyote mwenye vidole vyembamba. Madirisha yalirudi baadaye kwenye baadhi ya bidhaa zake, na sidhani ni kwa sababu ya malalamiko ya rangi.

Wapo wanaosema dawa ni kukimbilia kampuni ndogo zisizo na leseni, zinazotengeneza wahusika wale wale kwa majina ya kujificha na kwa bei ya juu zaidi. Baadhi ya kazi zao ni nzuri mno. Lakini hawa nao wameuza viungo vilivyopasuka na rangi iliyobanduka, na mteja wa bidhaa isiyo rasmi hana mahali pa kushtakia zaidi ya huruma ya muuzaji. Kwa upande mwingine baadhi yao hutuma kipuri kilichorekebishwa kwa walionunua toleo la kwanza, jambo ambalo kampuni kubwa hulifanya kwa nadra. Hata waigaji, wale wezi kabisa, mara nyingine hunakili roboti na kuirekebisha kasoro ya mchoro njiani. Mwizi akifunga kiungo vizuri kuliko mwenye mali, visingizio vya hesabu za plastiki vinapungua nguvu.

Sasa tujitazame wenyewe. Tunaagiza na kulipia miezi mingi kabla, kwa picha ya mfano uliopakwa rangi kwa mkono na kung'arishwa kwa kompyuta. Mwaka 2019 Hasbro ilitaka watu 8,000 waahidi takriban dola 575 kila mmoja ndipo itengeneze Unicron mkubwa, roboti inayogeuka kuwa sayari, na wakapatikana. Sisemi Unicron alitoka vibaya. Nasema kampuni ilipata uhakika wa mauzo kabla hata ya kalibu kuchongwa, na mfumo huo wa kulipa mapema umekuwa desturi hata kwa roboti za kawaida. Hadi mapitio ya kwanza yatokee yakisema bawaba ya bega inapasuka, mzigo umeshauzwa wote. Kasoro haimgusi tena yeyote aliyeiamua.

Tena tumejifunza kujitibu. Gololi imelegea? Tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, liache likauke, rudisha. Kigingi kinabana? Kipashe moto kidogo kwa kikaushio cha nywele, kisha sukuma taratibu. Nazipenda mbinu hizi, na zimeniokolea roboti kadhaa. Ila zimetufanya tuwe idara ya ukaguzi isiyolipwa, na anayelalamika huambiwa na wenzake, kabla kampuni haijafungua mdomo, kwamba hajui kurekebisha.

Kuhusu ile ya mikono ya kushoto: muuzaji alikuwa muungwana. Aliniambia niirudishe nipate fedha zangu zote, kwani nyingine ya kunibadilishia hakuwa nayo. Toleo lilikuwa limekwisha. Nilipiga hesabu. Kuipata tena kwa wauzaji wa mitumba kungenigharimu karibu mara mbili, bila hakika yoyote kuhusu viganja vyake. Nikaibakiza. Nilichohitaji ni kipande cha plastiki kisichozidi ncha ya kidole, ambacho bila shaka kiko mahali fulani, kwenye roboti ya mtu mwingine mwenye mikono miwili ya kulia. Bado namtafuta.