Faili Ziko Nyumbani, Wewe Uko Safarini: Uzifikie kwa Njia Ipi?

Mpiga video za harusi akimaliza msimu mmoja tu, huwa na terabaiti kadhaa za kazi. Ziko nyumbani kwake Dar es Salaam, kwenye kile kijisanduku cha diski kinachoitwa NAS, kimeunganishwa na ruta. Yeye yuko Arusha kwenye harusi nyingine, na mteja wa mwezi uliopita anapiga simu: anataka kile kipande cha mama akimkabidhi binti yake, leo hii.

Jibu la haraka la wengi ni kwamba vitu vyote angeviweka kwenye wingu tangu mwanzo, Google Drive au Dropbox, akalala usingizi. Hoja hii ina uzito kuliko wapenda kompyuta wanavyokubali. Kampuni hizo zina wahandisi wanaokesha wakiziba mianya, na nyumbani kwako hakuna anayekesha. Simu ikiibiwa, unaifungia nje ya akaunti ukitumia kompyuta ya rafiki. Umeme ukikatika Sinza, faili zako haziguswi.

Lakini fanya hesabu. Kupandisha terabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9 mfululizo, usiku na mchana, laini isikatike. Tena kasi ya kupandisha kwenye laini nyingi za nyumbani ni ndogo kuliko ile ya kushusha. Juu ya hapo kuna ada ya kila mwezi isiyokoma, na kuna jambo la nani mwenye kauli ya mwisho juu ya mali yako. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliandika habari za baba mmoja wa San Francisco aliyempiga mwanawe mdogo picha kwa ajili ya daktari. Mitambo ya Google ikaitambua picha ile kama unyanyasaji wa mtoto, akaunti yake ikafungwa. Polisi walichunguza wakaona hana kosa, na akaunti bado haikurudi. Kisa kama hicho ni nadra, ila kikikupata huna kaunta ya kwenda kugonga meza.

Kwa hiyo anayetaka kubaki na faili zake nyumbani si mkaidi. Shida huanza pale anapotafuta njia ya kuzifikia, kwa sababu njia rahisi kuliko zote ndiyo mbovu kuliko zote: kuingia kwenye ruta na kufungua poti, yaani mlango wa kupitishia data, ili mtu yeyote aliyeko intaneti akigonga anwani ya nyumba yako apelekwe moja kwa moja kwenye kijisanduku. Wakati mwingine hata hukuifungua wewe. Kuna kipengele cha UPnP kinachoruhusu kifaa kuiomba ruta ifungue poti, nayo ikakubali bila kukuuliza.

Watu hujifariji kwamba hakuna anayewajua. Hakuna haja ya kujulikana. Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha laini na vifaa intaneti, za toleo la zamani, IPv4, hazifiki bilioni 4.3, na programu za kuzipitia zote zikitafuta poti zilizo wazi zipo na hazichoki. Juni 2021 wenye vijisanduku vya My Book Live vya Western Digital waliamka wakakuta faili za miaka zimefutwa. Vifaa vile vilikuwa havijapata sasisho tangu 2015, na kampuni ikabaki kuwaambia wateja wavichomoe kwenye intaneti. Mwaka huohuo, Aprili, shambulio la Qlocker lilifungia faili kwenye vijisanduku vya kampuni ya QNAP kwa nywila na kudai bitcoin 0.01. Januari 2022 likaja DeadBolt, safari hii bitcoin 0.03. Walioumia hawakuwa benki wala wizara. Walikuwa watu wenye picha za familia na hesabu za duka. Katika upande huu wa mjadala sioni cha kupima: poti ya kushirikishia faili isifunguliwe kwa intaneti nzima, basi.

Njia ya kuheshimika ni kuweka nyumbani VPN yako mwenyewe, yaani handaki la faragha ndani ya intaneti. Hapa simaanishi ile VPN ya kufungulia mitandao iliyozuiwa, ambayo trafiki yako hupitia kwa kampuni usiyoijua. Hii inatoka kwenye simu yako na kuishia kwenye ruta au kompyuta yako, ikiwa imesimbwa njia nzima, yaani data haisomeki bila ufunguo. WireGuard, programu ya VPN iliyoingizwa rasmi mwaka 2020 kwenye kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, ina tabia ninayoipenda sana: pakiti (kifurushi cha data) isiyobeba ufunguo sahihi haijibiwi kitu. Mpekuzi anayegonga haambiwi hata kwamba pana mlango. Ndani ya handaki hilo, faili unazifungua kama umekaa sebuleni.

Tatizo la kwetu ni kwamba laini nyingi, hasa za mitandao ya simu, hazikupi anwani yako peke yako. Kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na simu yako ukiwa nje ya nyumba haina pa kugonga. Angalia anwani ambayo ruta imepewa upande wa intaneti: ikiwa inaanza na namba kati ya 100.64 na 100.127, umo kwenye kundi hilo, na hakuna poti utakayofungua ikafanya kazi. Ndiyo sababu huduma kama Tailscale na ZeroTier zimependwa. Simu na kijisanduku vyote viwili huanzisha mawasiliano kutoka ndani kwenda nje, vikatambulishwa na seva ya kati, kisha vikajaribu kuzungumza moja kwa moja. Ikishindikana, data hupitia kwenye seva ya kupokezana, ikiwa bado imesimbwa.

Kuna wanaoguna kwamba huko ni kurudi kumtegemea mtu wa kati uliyekuwa unamkimbia. Wana haki nusu. Mtu huyo hasomi faili zako, ila ndiye anayeamua nani ni mwanachama wa mtandao wako, na mara nyingi unaingia kwake kwa akaunti ya Google au Microsoft. Barua pepe hiyo ikidukuliwa, mdukuzi anaweza kujiongeza kwenye orodha. Kwa hiyo uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe ile unakuwa kufuli la nyumba nzima, na wengi hawajauwasha.

Umbali nao una hesabu yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na kwa majirani. Faili inayotoka Dar kwenda Arusha haina sababu ya kupita baharini. Iliyoko Ulaya inayo. Lakini kama vifaa vyako vinategemea seva ya kupokezana iliyoko ng'ambo, umerudi baharini palepale. Na upande wa pili, Agosti 2023 gridi ya Kenya ilipoanguka karibu nchi nzima, kijisanduku kisicho na betri Nairobi kilikuwa pambo tu, hata kama kimesimbwa vizuri namna gani.

Sheria nayo isipuuzwe. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watu na kampuni wanaotumia VPN nchini wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Handaki la kwenda kwako mwenyewe halifungui tovuti iliyozuiwa, lakini kwa anayeangalia kutoka nje linafanana na VPN nyingine yoyote. Mwenye biashara ajisajili, asisubiri kujieleza. Aliyeko nchi za Ghuba, Uarabuni, naye asome masharti ya huko kabla ya kuwasha chochote.

Mimi nisingechagua upande mmoja. Video nzito zibaki nyumbani nyuma ya handaki, zikiwa na nakala nyingine nje ya nyumba, maana handaki halizuii moto wala mwizi. Pasipoti, hati ya kiwanja, vyeti na mikataba viende kwenye wingu vikiwa vimesimbwa kwanza, kwa sababu hivyo huhitajika siku ambayo mambo yameharibika. Simu ya safarini ipewe ruhusa ya kusoma tu, ili ikinyakuliwa kituo cha basi, mnyakuzi asiweze kufuta kazi ya mwaka kabla hujauondoa ufunguo wake.

Na kabla ya kupanda basi la Arusha, zima Wi-Fi ya simu, tumia bando, ufungue faili moja kubwa. Kisha shusha swichi kuu ya nyumba, ipandishe, ujaribu tena bila kugusa kitu kingine. Kompyuta nyingi na vijisanduku vina kipengele cha kujiwasha umeme ukirudi, na mara nyingi utakikuta kimezimwa.