Mkulima wa Mbita Hakuomba Majani

Muulize mkulima wa mahindi kando ya Ziwa Victoria anataka nini dhidi ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, atakutajia dawa au mbegu inayostahimili. Hakuna atakayeomba majani ya ng'ombe yapandwe katikati ya mahindi yake, ingawa ndiyo yaliyokuja kukififisha. Ndiyo maana nasita nikisikia watafiti wakihimizwa kila mara "waanzie kwa mkulima".

Kilimo hicho, kiitwacho sukuma-vuta, kilianzia Mbita, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990, ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, ikishirikiana na Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza. Swali lilikuwa la maabara hasa: nondo wa funza wa mabua, mdudu anayetoboa mahindi, anafuata harufu gani? Matete yakamvuta pembezoni mwa shamba, desmodiamu, majani ya malisho ya jamii ya kunde, ikamfukuza kwenye mistari ya mahindi. Kisha shamba likatoa lake ambalo halikutarajiwa: penye desmodiamu, kiduha kilififia. Mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha, halafu huzizuia zisijishike kwenye mzizi wa mahindi. Zinakufa njaa.

Basi mbona kiduha bado kinachanua zambarau kwenye mashamba mengi? Hapo sasa wenye kelele za "mkulima kwanza" wana hoja. Desmodiamu ni ya kudumu. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja ataipanda amfaidishe nani? Mbegu zake ni ndogo mno, huchanganywa na mchanga ndipo zimwagwe kwenye mfereji. Msimu wa kwanza palizi yake inachosha: miche ingali midogo, ukipitisha jembe kwa pupa umeing'oa pamoja na magugu. Asiye na mifugo hana wa kumlisha majani hayo. Na mwenye kishamba kidogo anauliza: maharage yangu je?

Swali hilo la maharage lilikuwa na uzito kuliko linavyosikika. Watafiti walirudi shambani wakajaribu kuyapanda shimo moja na mahindi. Ukame nao ukawasukuma watafute aina nyingine za majani na desmodiamu zinazovumilia jua.

Kwangu mimi, mkulima si lazima atunge swali la kwanza, ila la pili ni lake. Tatizo ni kwamba mtafiti hupandishwa cheo kwa makala, na maswali ya pili huwa ya bei ya mbegu, palizi na kodi ya shamba. Wakati huohuo, mkulima aliyeshindwa kununua mbegu anakata vikonyo vya desmodiamu kwa jirani, anavipanda mvua inapoanza.