Kulenga Si Kufuma

Muhula wa tatu ukishaanza, vipaza sauti huanza kuzunguka shule za Kisumu. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, iko mlangoni, mwalimu mkuu amemwalika mzungumzaji wa motisha, na kidato cha nne chote kimekusanywa kwenye ukumbi wa kulia chakula. Kwa saa mbili vijana wanaambiwa wafumbe macho waione A imeandikwa mbele ya majina yao. Wanapaza sauti: naweza! Wengine hulia. Jioni mgeni anakabidhiwa bahasha na soda, anaenda zake.

Nimesimama nyuma ya kumbi hizo miaka mingi nikiwa mwalimu, mikono kifuani, nikicheka kimoyomoyo. Siku moja nikirudi mjini kutoka kikao cha namna hiyo nilimsimulia kijana wa boda wa steji ya Kondele yote niliyoyaona. Alinijibu bila kugeuza kichwa: "Mwalimu, motisha haijazi tangi." Pikipiki si yake. Kila jioni anampelekea mwenyewe shilingi 300, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Msemo wake niliurudia katika chumba cha walimu mpaka wenzangu wakachoka. Siku hizi siurudii tena, na ningependa kueleza kwa nini.

Kwanza tuwape haki yao wanaocheka, maana hoja zao ni nzito. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa 246,391 ndio waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu. Hao ni kama robo ya wote waliofanya mtihani. Robo tatu iliyobaki nayo iliambiwa ifumbe macho.

Tena kufumba macho kwenyewe kunaweza kudhuru. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, alichapisha pamoja na mwenzake utafiti mdogo wa wanawake 25 waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito. Alipima mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: mtu anatarajia kufaulu kiasi gani, na anajiona vipi ndotoni siku ya kufaulu. Waliotarajia kufaulu walipungua zaidi. Waliojipakia ndoto tamu, wakijiona wameshakuwa wembamba na vyakula vitamu haviwasumbui tena, walipungua kama kilo 11 chini ya wale ambao ndoto zao zilikuwa na mashaka ndani yake. Mtu akishashiba ushindi kwa kuuwaza, njaa ya kuutafuta inatoka wapi?

Kuna na utafiti wa hapa Kenya, ambao wacheka motisha wanapaswa kuubandika ukutani. Mchumi Johannes Haushofer na wenzake waliwafuata watu 5,756 wa vijijini. Baadhi walipewa pesa zenye uwezo wa kununua wa dola 1,076, baadhi wakapewa wiki tano za ushauri nasaha, baadhi wakapata vyote viwili, na wengine hawakupewa kitu. Baada ya mwaka, waliopewa pesa walikuwa na matumizi bora, mali zaidi, mapato zaidi, na hata roho zao zilikuwa zimetulia kuliko za wengine. Ushauri peke yake haukuonyesha mabadiliko yoyote yanayopimika. Yaani hata utulivu wa moyo uliletwa na noti.

Halafu kuna siasa, na hapo ndipo uchungu ulipo. Mwaka 2022 tuliimbiwa kwamba sisi sote ni mahasla, watu wa kujitafutia, na Novemba mwaka huohuo Mfuko wa Hasla wa serikali ukazinduliwa, mkopo wake ukianzia shilingi 500. Anayekuambia ujitume huku akikupa mtaji wa kununua mafungu machache ya nyanya ameshakutafutia mapema wa kumlaumu ukianguka, na huyo ni wewe.

Basi nimeshawapa yote. Bado nasema wanachokicheka ni kivuli cha kitu, na kitu chenyewe hawajakitazama.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeanza kuandika kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake mnamo 1977, alisema imani hiyo ina chemchemi nne. Ya kwanza ni kulifanya jambo ukaliweza. Ya pili ni kumwona mtu wa hali yako akiliweza. Ya tatu ni kuambiwa na mtu kwamba utaweza. Ya nne ni mwili wenyewe: unapodundwa na moyo kabla ya mtihani, unausomaje mdundo huo? Yenye nguvu kupita zote ni ile ya kwanza. Maneno ya kutiwa moyo yana kazi yake, lakini ni dhaifu, na hupeperuka mara tu mtu anapojaribu akashindwa. Sasa rudi kwenye ule ukumbi. Vipaza sauti vyetu vilichukua chemchemi ya tatu peke yake vikaiita imani, nasi tulipoona haijazi tangi tukazikataa zote nne.

Wahenga walisema kulenga si kufuma, na methali hiyo hupigiwa makofi sana na wenye shaka. Lakini ni methali ya mwindaji. Haikumwambia aweke upinde chini.

Ushahidi ulionigeuza mimi haukutoka Marekani wala darasani. Ulitoka Lomé, mji mkuu wa Togo, na ninaomba nikae hapo kidogo. Watafiti, akiwemo mwanasaikolojia Michael Frese na mchumi David McKenzie, waliwachukua wafanyabiashara wadogo 1,500 wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ya watu 500. Kundi moja halikufundishwa. La pili lilipewa mafunzo ya biashara tunayoyajua sote: kuweka hesabu, masoko, kusimamia fedha na wafanyakazi. La tatu lilifundishwa kujianzishia: kuanza jambo kabla hujasukumwa, kutazama mbele, kuwaza kikwazo kabla hakijafika, na kurudi tena ukishindwa. Muda ulikuwa sawa kwa makundi yote mawili yaliyofundishwa, na baada ya madarasa wakufunzi waliendelea kuwatembelea wafanyabiashara kwenye maeneo yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika miaka miwili na zaidi ya kuwafuatilia, faida ya waliofundishwa kujianzishia ilikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko ya wasiofundishwa. Waliofundishwa hesabu walikuwa juu kwa 11, kiasi ambacho kitakwimu huwezi kukitofautisha na bahati.

Thelathini kwa kumi na moja. Nimezigeuza nambari hizo kichwani siku nyingi. Kwa wanawake pengo ni kubwa zaidi: 40 kwa waliofundishwa kujianzishia, 5 kwa waliofundishwa njia ya kawaida. Mimi ni mtu wa madaftari, nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na napenda kuamini kwamba daftari humwokoa mtu. Lakini daftari mikononi mwa mtu anayengoja mteja litamwandikia kwa uaminifu kwamba mteja hakuja.

Na tuangalie walifundishwa nini hasa. Hakuna aliyeambiwa afumbe macho. Kama Bandura angekuwa ameketi pale nyuma angetabasamu, kwa sababu mafunzo yale yalimtaka mtu atende, aone alichotenda kimezaa nini, kisha atende tena. Imani ilikuja ikiwa masazo ya kazi.

Pita soko la Kibuye Jumapili utanielewa. Safu nzima ya nyanya, mafungu yanalingana, bei ni moja, akina mama wamekaa mkao mmoja. Ng'ambo ni omena, dagaa wa ziwani, kopo la gorogoro kwa kopo la gorogoro. Hakuna aliye mvivu hapo. Wengine wametoka nyumbani alfajiri. Namjua mama mmoja wa omena aliyegundua kwamba wanaofanya kazi za ofisini wanaipenda omena ila wanachukia kuichambua. Akaanza kuitoa vichwa, kuikaanga kavu na kuipakia, akaipeleka kwenye vyumba vya walimu. Vitatu vilimkataa. Cha nne kilimpokea, na cha tano, naona aibu kusema, kilikuwa chetu, na wenzangu wawili walimlimbikizia deni ambalo hakulipwa mpaka leo. Hakuacha. Alibadilisha tu, sasa anataka pesa mbele. Ukimuuliza kama anajiamini atakuuliza una maana gani.

Najua jibu la wenye shaka, na ni jibu zuri: watu wa Lomé tayari walikuwa na biashara. Huyo mama alikuwa na omena. Kijana wa Kondele ana nini? Hapo sina ujanja. Mafunzo ya kujianzishia hayakufanyiwa watu wasio na kitu, na anayeyachukua akayahubiri kwa mtu aliyelala na njaa anamtukana.

Ila wanapokimbilia Siaya kunipinga, hapo tunaachana. Huko, kuanzia 2014, shirika la GiveDirectly lilizipa familia zaidi ya 10,500 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za nyasi kama dola 1,000 kila moja, katika utafiti uliogusa vijiji 653. Wachumi walipokokotoa waliona kila dola ilikuza uchumi wa eneo lile kwa takriban dola mbili na nusu. Wenye shaka husema: umeona, ilikuwa pesa tu, akili haikuhitaji kubadilishwa. Nakubali haikuhitaji kubadilishwa. Hakuna aliyewaambia wanunue nini, na bado pesa zile hazikuishia mikononi mwao. Zilipita kwa fundi, zikapita kwa mwenye duka, zikarudi. Pesa ziliwakuta watu wa Siaya wameshalenga miaka na miaka, wakikosa mshale. Hiyo kwangu ni hoja juu ya nguvu ya nia, na inamuumbua vilevile yule mzungumzaji wa bahasha aliyedhani maskini hana ndoto mpaka amletee yeye.

Kuhusu Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni, sitasema mengi, maana kila upande humvuta kwake. Ukiwa Kisumu unaiona miinuko ya Nandi alikozaliwa. Wahubiri wa motisha hutaja Vienna, Oktoba 2019, saa 1 dakika 59 na sekunde 40, na ule usemi wake kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka. Wenye shaka hutaja wakimbiaji 41 waliopokezana kumwekea kasi. Mimi hutaja Monza, Mei 2017, alipojaribu mara ya kwanza kumaliza marathoni chini ya saa mbili, akatumia saa 2 na sekunde 25. Baada ya Monza hakuwa na haja ya kufumba macho. Alijua kimebaki nini, kwa sekunde.

Turudi shuleni, kwa kuwa ndiko nilikoanzia. Wafuasi wa Carol Dweck, yule mwanasaikolojia wa nadharia kwamba uwezo wa akili hukua, walipimwa barabara katika utafiti wa kitaifa wa Marekani uliochapishwa 2019, wanafunzi kama 12,000 wa darasa la tisa. Somo lilikuwa la mtandaoni, halikufika saa moja. Waliokuwa na alama za chini walipanda kwa wastani wa moja ya kumi ya pointi. Kwa aliyezoea kuhubiriwa kwamba ukibadilisha fikra maisha yamebadilika, hiyo ni aibu. Kwa mwalimu ni habari nyingine: chini ya saa moja, kwa gharama ndogo mno, na kitu kikasogea. Zaidi ya hapo, kilisogea vizuri pale ambapo wanafunzi wenyewe kwa wenyewe hawakumcheka mwenzao anayejitia kwenye swali gumu. Kuna shule ngapi kwetu ambako kijana akiuliza swali darasani anaitwa jina hadi Ijumaa? Mzungumzaji wa saa mbili haligusi hilo. Mwalimu wa darasa analigusa kila siku, kwa kulitibu au kwa kulichochea.

Mwaka jana nilialikwa mimi kuzungumza na kidato cha nne, katika shule ambayo sitaitaja. Nilikataa kipaza sauti. Niliwaomba kila mmoja alete karatasi ya hesabu aliyoanguka, achague swali moja tu, tulifanye upya mpaka litoke. Saa mbili zikaisha. Hakuna aliyelia, ingawa msichana mmoja alirudia lake mara tatu na kulisukuma daftari mezani kama aliyemshinda mtu mieleka. Mwalimu mkuu alinishukuru kwa adabu, akasema mwakani watatafuta mtu mwenye sauti.

Nilirudi mjini na kijana wangu wa Kondele. Nilimuuliza kama bado motisha haijazi tangi. Akasema haijazi. Kisha njiani akanieleza kwamba yeye na wenzake wa steji wameunda chama, wako 20, kila mmoja anaweka shilingi 100 kwa siku, na hela zikifika bei ya pikipiki anayefuata kwenye orodha ananunuliwa. Zamu yake ni ya saba. Mia hiyo anaitoa hata siku ambayo mia tatu ya mwenye pikipiki imepatikana kwa shida.

Nilimuuliza ana hakika gani kwamba zamu ya saba itafika. Tulikuwa tumeshawasili stejini. Alinionyesha kwa kidevu pikipiki mbili zilizoegeshwa kivulini, viti vyake bado vimefunikwa kwa nailoni ya dukani.

"Si hizo?"