Katniss Si Mwanaume Aliyevaa Gauni

Jumamosi moja hapa Moshi tulikaa na wanafunzi wa sekondari kuzungumzia The Hunger Games, riwaya ya Suzanne Collins ya mwaka 2008, ambamo msichana Katniss anaingia kwenye mchezo wa watawala unaolazimisha watoto kuuana. Kijana mmoja akasema Katniss ni mwanaume aliyevaa gauni: anawinda, hana tabasamu, halii mbele za watu. Msichana wa kidato cha tatu, ambaye nakala yake imeshikizwa kwa selotepu, akamgeukia: "Mimi nikipanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, nakuwa mwanaume?"

Kijana yule hayuko peke yake. Wapo wahakiki wanaosema riwaya hizi za distopia, za vijana wanaoishi chini ya tawala katili, humpa msichana nguvu kwa kumvua usichana wake. Wana hoja. Katika Divergent ya Veronica Roth (2011), msichana Tris anaondoka kwenye kundi la watu wa kujinyima na kuhudumia wengine, anahamia kundi la wanaodandia treni na kupigana ngumi, na mwalimu wake wa mapigano ndiye anayekuwa mpenzi wake. Wasichana wapenda urembo nao huchorwa mara nyingi kama watu wasio na akili. Hilo huniudhi hata mimi.

Lakini Katniss anasomwa vibaya. Baba yake alikufa kwenye mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe. Mama akazidiwa na huzuni, hajiwezi kwa lolote, na binti wa miaka 11 akabaki na mdogo wake Prim wa kumlisha. Upinde anaowindia ni urithi wa baba, na anayewindiwa ni mdogo mtu. Huku kwetu nani anahitaji kuelezwa hayo? Machi 2008, kitabu kikiwa bado hakijatoka, mafuriko yaliua makumi ya wachimbaji wa tanzanite kule Mirerani. Na Uchagani kahawa ilihesabiwa mali ya baba, ndizi za mama. Kahawa ina msimu wake, chungu hakina msimu. Mwanamke anayetafuta chakula cha nyumba hajaazima kazi ya mtu.

Tena tukibishania upinde tunamsahau Peeta, mtoto wa mwoka mikate. Siku ya mvua, Katniss akiwa hoi kwa njaa nyuma ya duka lao, Peeta anaunguza mikate miwili makusudi. Mama yake anampiga na kumwamuru amtupie nguruwe. Anasubiri mama ageuke, anamrushia Katniss. Mvulana huyu hupamba keki kwa mkono wake. Akijeruhiwa mguu mchezoni, Katniss ndiye anayemuuguza pangoni, na hakuna mahali kitabu kinapomcheka. Nimewaona wavulana wangapi wakifukuzwa jikoni, "toka huko, wewe ni mwanaume"! Wao ndio ningependa wakisome kwanza.

Wengine hukasirishwa na mwisho wa Mockingjay (2010), kitabu cha tatu cha hadithi hii: Katniss ana mume na watoto wawili, basi wanasema karudishwa jikoni. Wasome tena. Kukubali kuzaa kulimchukua miaka 15, kwa hofu ya dunia aliyoishuhudia ikila watoto. Na baada ya vita yeye bado anakwenda kuwinda. Aliyerudi jikoni ni Peeta, na hakuna anayemwambia atoke.